Leseni ya Ujerumani: miezi sita inakatika, nianzie wapi?

Mgeni_NRW

Habarini wadau, naombeni msaada kwa mliopitia hii kitu. Nimehamia huku Ujerumani kikazi, niko kamji kadogo karibu na Dortmund, leseni yangu ni ya Tanzania na nimeendesha miaka mingi tu, gari ndogo mpaka pikapu za kazini. Nilipofika nikaambiwa naweza kuendesha na leseni yangu pamoja na tafsiri yake, na kweli naendesha, polisi walishanisimamisha wakaangalia wakanirudishia. Sasa miezi sita tangu nihamie inakaribia kutimia na jamaa wa kazini anasema ikitimia leseni yangu inabaki karatasi tu. Mwingine anasema niagize ile leseni ya kimataifa kutoka nyumbani nitaendesha mwaka mzima, mwingine tena ananiambia nikitoka nje ya nchi hata wiki mbili nikirudi hesabu inaanza upya. Nimsikilize nani jamani? Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri, basi la kwanza linapita muda huohuo, bila gari sijui nitafanyaje. Na je ni kubadilishiwa tu au lazima mtihani? Mwenye kujua aandike kwa kirefu tafadhali.

Baba_Zuri

Mdogo wangu karibu sana na pole na hizo zamu. Wa kwanza ndiye wa kumsikiliza. Leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya inakubalika miezi sita tangu ulipohamia rasmi, basi. Leseni ya kimataifa ni tafsiri tu ya leseni uliyonayo, haikuongezei hata siku moja. Na hiyo ya kutoka na kurudi ni hadithi za vijiweni, makazi yako yako hapa hata ukienda likizo. Kitu pekee kinachoweza kuongeza muda ni ukithibitisha kwamba hutakaa zaidi ya mwaka mmoja, hapo ofisi ya leseni inaweza kukuruhusu mpaka miezi 12, lakini wewe una mkataba wa kazi wa kudumu nadhani kwa hiyo hiyo haikuhusu.

Nisikilize vizuri hapa maana nimeona vijana wakichukulia poa. Ukipitisha miezi sita ukashika usukani unahesabika unaendesha bila leseni, na hapa hilo ni kosa la jinai, faini au kifungo mpaka mwaka mmoja, hata mwenye gari aliyekupa funguo huku akijua naye anaingia. Ukigonga mtu bima itamlipa aliyegongwa halafu inakugeukia wewe, inaweza kukudai mpaka 5,000 euro. Kwa mtu mwenye kibali cha kuishi cha kuhuisha kesi ya jinai si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo siku ya miezi sita ikifika paki gari, hata kama umeshapeleka maombi. Kupeleka maombi hakukupi ruhusa ya kuendesha.

Kuhusu mtihani, kuna orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa bila mtihani, kwa Afrika wamo Afrika Kusini na Namibia, Tanzania haimo. Utafanya nadharia na vitendo. Afueni yako ni kwamba kwa kuwa tayari una leseni halali hulazimiki kukaa darasani wala kumaliza yale masomo ya lazima ya barabarani anayomaliza anayeanza moja, hiyo njia wanaiita Umschreibung, litumie hilohilo jina ukienda ofisini na ukienda kwenye chuo cha udereva maana usipolisema wanaweza kukuandikisha kama mwanafunzi mpya, na anayeanza moja mara nyingi anatumia zaidi ya 2,000 euro.

Kusanya pasipoti na kibali, karatasi ya usajili wa makazi, picha ya biometriki, leseni yako halisi na tafsiri yake, kipimo cha macho, na cheti cha huduma ya kwanza. Macho ni dakika chache tu dukani kwa wauza miwani, huduma ya kwanza ni siku moja, vipindi 9 vya dakika 45. Angalia na tarehe ya leseni yako, kama inakaribia kuisha ihuishe kabla hujapeleka maombi.

Dada_Indiketa

Baba Zuri kamaliza upande wa karatasi, mimi niongee barabara. Kaka, miaka yako mingi ya usukani itakusaidia kulimudu gari ila mtahini hatafuti hilo, anatafuta kama unaijua sheria ya hapa na kama ANAKUONA ukiifuata.

Kinachoangusha madereva wazoefu ni ile ya kulia kwanza. Uko mtaani kwenye zoni ya 30 (mwisho kilomita 30 kwa saa), hakuna alama, hakuna taa, kanjia kembamba kanatokea mkono wako wa kulia, gari linalotoka kule lina haki kabla yako hata kama njia yako ni pana na imenyooka. Sisi tumezoea aliyeko barabara kubwa anapita. Hapa punguza mwendo kila mlango wa mtaa wa kulia, geuza kichwa uchungulie, ndio upite. Ukiona ile almasi ya njano yenye ukingo mweupe hapo ndio uko barabara yenye haki, shikilia hapo mpaka uone alama nyingine inayoondoa haki hiyo.

Cha pili ni shingo. Kabla ya kukata kulia, kioo, indiketa, halafu geuza shingo kabisa uangalie begani, kuna baiskeli inakuja moja kwa moja pembeni yako na yenyewe inapita kwanza. Kuangalia kioo peke yake hakutoshi, na usipogeuka mtihani unaweza kuishia hapohapo mwalimu akashika breki.

Halafu mkono. Kama ulizoea gari za usukani wa kulia zinazotoka Japani, indiketa ilikuwa mkono wa kulia, huku iko kushoto, kwa hiyo wiki za mwanzo kila ukitaka kukata kona unawasha waipa 😀 na gia nazo zimehamia mkono wa kulia. Najua umeshaendesha miezi kadhaa huko lakini kwenye presha ya mtihani mkono unarudi ulikozoea, chukua masomo kadhaa na mwalimu hata kama si lazima. Na mtihani wenyewe utaufanya na gari la chuo, mwalimu akiwa ndani, dakika 55 jumla, utapitishwa mjini na mashambani na Autobahn, ile barabara kuu ya mwendo kasi.

Mgeni_NRW

Dah asanteni sana, Mungu awabariki. Hilo la kwamba maombi hayanipi ruhusa lingenimaliza. Dada, nadharia ikoje? Kijerumani changu ni cha kuomba maji tu.

Dada_Indiketa

Nadharia unaweza kuichagua kwa Kiingereza, zipo lugha 12 ukiacha Kijerumani, Kiswahili bado. Maswali 30 kwenye kompyuta, kila swali lina uzito wake kuanzia pointi 2 mpaka 5, ukikosa jumla ya pointi zaidi ya 10 umefeli, na hata ukiwa na 10 kamili kama zimetokana na maswali mawili ya pointi 5 umefeli vilevile. Hayo ya 5 mengi ni ya nani apite kwanza, ndio maana nakwambia yale ya kulia uyameze. Benki nzima ina maswali zaidi ya 1,000, pakua programu ya mazoezi upige kila siku kwenye basi. Ila vitendo maelekezo ni Kijerumani, kata kulia, kata kushoto, geuza, paki, muombe mwalimu aongee nawe Kijerumani tangu somo la kwanza.

Mzaramo_Hamburg

Naomba nidandie hapohapo. Mke wangu hana leseni kabisa, mwezi wa 12 tunakwenda nyumbani, si achukulie kule halafu akirudi afanye hiyo Umschreibung?

Baba_Zuri

Hapana ndugu. Leseni inaangaliwa mlikuwa mnaishi wapi siku ilipotolewa, yeye makazi yake ni Ujerumani, kwa hiyo haitatambulika na hela mtakuwa mmetupa. Aanze hapa kama mwanafunzi mpya.

Na wewe Mgeni, ukishaidhinishwa una miezi 12 ya kufaulu nadharia, kisha 12 mingine ya vitendo. Muda unatosha, ila maombi yenyewe hukaa ofisini wiki kadhaa, pengine miezi, ndio maana yaende wiki hii. Hizo alfajiri muulize mwenzako wa zamu anayepita upande wako mchangie mafuta, wenzetu huku wamelizoea hilo, na kama hayupo muone msimamizi akuhamishie zamu ya mchana mpaka leseni itoke.

Mgeni_NRW

Yupo mmoja anatokea Lünen, kesho namuuliza. Macho nakwenda Jumamosi.