Kwa nini mwenye konde alikataza kung'oa magugu? (Mathayo 13:24-30)

Mwalimu wa Jumapili:

Ndugu zangu katika Kristo, nawasalimu. Ninafundisha darasa la Biblia la watu wazima katika kijiji ambacho karibu kila kaya inalima mahindi na maharage. Jumapili iliyopita tulisoma mfano wa magugu katikati ya ngano, ambamo mtu anapanda mbegu njema katika konde lake, na watu walipolala adui yake anakuja kupanda magugu humo. Tulipofika mahali ambapo watumwa wanaomba ruhusa ya kwenda kuyakusanya magugu, na bwana wao anawakataza wasije wakang'oa na ngano, akisema viachwe vyote vikue hata wakati wa mavuno, mama mmoja aliyenizidi sana umri aliinua mkono akasema, kwa heshima kabisa, kwamba mkulima wa namna hiyo atavuna njaa. Alisema kwamba mahindi yasipopaliliwa kabla hayajafika magotini hayana tena cha kuokoa, na kwamba yeye amewalea watoto sita kwa jembe la palizi. Darasa zima lilikubaliana naye, nami sikuwa na jibu.

Naomba msaada wenu. Je, Bwana Yesu alieleza kwa makusudi ukulima usio wa kawaida ili awashtue wasikilizaji, au kuna jambo la shambani ambalo sisi hatulioni? Nisingependa kumjibu mama yule kwamba "huu ni mfano tu", kwa sababu mifano mingine ya Bwana, ya mpanzi, ya kondoo aliyepotea na ya mzabibu unaosafishwa ili uzae zaidi, inasimama juu ya kazi halisi ambayo waliomsikiliza waliijua kwa mikono yao.

Bwana Shamba Mstaafu:

Mwalimu, mama huyo amesema kweli, na nadhani ugumu unatokana na neno letu "magugu", ambalo kwa Kiswahili ni kila mmea unaoota mahali usipotakiwa. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni zizania, nalo katika Agano Jipya lote linapatikana katika sura hii peke yake. Linataja mmea mmoja mahususi, ambao Waarabu wa Palestina huuita zuwan na wataalamu wa mimea huuita Lolium temulentum. Ni aina ya nyasi inayofanana na ngano tangu inapochipua, kiasi kwamba hata mkulima mzoefu hupata shida kuitofautisha mpaka masuke yatokeze. Ndiyo maana Mathayo anaeleza kwamba magugu yalionekana pale tu majani yalipomea na kuzaa.

Kufikia wakati huo mizizi ya mimea hiyo miwili imekwisha kushikana ardhini, na ukivuta mmoja unaondoka na mwenzake. Tena ngano ya siku zile ilipandwa kwa kumwagwa kwa mkono, wala haikuwa na mistari kama mahindi yetu, hivyo mpalizi asingeweza kupita katikati bila kukanyaga. Watumwa hawakuwa wajinga, maana kung'oa magugu ilikuwa kazi ya kawaida kwao pia. Lakini katika konde hili adui alikuwa amepanda kwa wingi, na bwana alipima hasara akaona kwamba palizi ingemgharimu ngano. Uovu wa namna hiyo ulijulikana hata mahakamani, kwa kuwa sheria ya Kirumi ilimtaja mtu anayemharibia mwenzake shamba kwa kulipanda mmea huu.

Wala bwana yule hakuyapuuza magugu. Punje za mmea huo mara nyingi hubeba kuvu lenye sumu, na mtu akila unga uliochanganyika nazo hupata kizunguzungu na kutapika, kama aliyelewa. Utengano ulikuwa lazima ufanyike, naye aliuchagulia siku.

Ukitafuta mfano wa karibu, usiwatajie kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kwa sababu kiduha kinapaswa kung'olewa kabla hakijatoa mbegu. Watajie mpunga-mwitu, ule unaoota ndani ya jaruba na kufanana na mpunga wenyewe mpaka unapotoa masuke.

Mtoto wa Wafugaji:

Naomba kuongeza jambo kutoka upande wa mifugo. Nimekulia Simanjiro nikichunga, na Mathayo 25, ambapo mchungaji anawatenga kondoo na mbuzi, ilinielea kabla sijabatizwa. Kondoo wetu hawana sufi nyingi kama wale wa picha za Ulaya. Wana nywele fupi, wengi ni wekundu, na mgeni akiwatazama kwa mbali anawaona wote mbuzi. Sisi tulitazama mkia, kwa maana wa kondoo ni mnene na unaning'inia, na wa mbuzi umesimama. Mchana kutwa walikwenda pamoja, malisho mamoja na maji mamoja, na hakuna aliyeshughulika kuwatenga porini, kwani ungepoteza siku nzima na pengine kuwapoteza wanyama wenyewe. Ikibidi kuwatenga, kazi hiyo ilifanyika jioni langoni mwa boma, naye baba aliyeisimamia hakukosea hata mnyama mmoja. Kwangu mimi mifano hii miwili inasema neno lile lile: anayetenga ni yule anayewajua, na wakati ni wake.

Mzee wa Usharika:

Nawashukuru nyote, lakini nina tahadhari ambayo naiandika kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, fedha za ujenzi zilipopotea katika usharika ninaouhudumia, mimi ndiye niliyesimama na kuwasomea waumini mfano huu ili waache kuuliza. Nilikosea.

Bwana mwenyewe alisema kwamba konde ni ulimwengu. Wadonati wa Afrika Kaskazini, Wakristo waliojitenga wakitaka Kanisa la watakatifu watupu, walilishikilia neno hilo katika mdahalo wa Karthago mwaka 411, wakisema kwamba mfano hauhusu Kanisa, na Agostino, askofu wa Hippo, akawajibu kwamba Kanisa nalo limechanganyika mpaka mavuno. Naona Agostino alikuwa na hoja, kwa kuwa mstari wa 41 unasema machukizo yatakusanywa kutoka katika ufalme wake Mwana wa Adamu. Hata hivyo, Injili hiyo hiyo, katika 18:15-17, inatupa utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa, kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Tulichokatazwa ni kumhukumu mtu kwamba yeye ni ngano au si ngano, jambo ambalo macho yetu hayawezi kuliona. Fedha zilizopotea zinaonekana vitabuni, na waliouliza habari zake walikuwa na haki ya kujibiwa.

Mwalimu wa Jumapili:

Mzee, asante kwa kutuambia hayo. Darasani nitasoma sura ya 18 pamoja na mfano huu. Huku kwetu zipo familia mbili zinazolima mpunga bondeni, nami nimekwisha kuwaomba wanipatie mashina machache ya mpunga na ya mpunga-mwitu ambayo bado hayajatoa masuke. Jumapili ijayo nitamkabidhi yule mama mashina hayo yakiwa yamechanganywa, nimwombe ayatenge mbele yetu, kisha ndipo tufungue Biblia.