Naomba ushauri: mama ana baridi yabisi, mimi navuta sigara

Wakuu, salamu kutoka Mafinga. Mama yangu, miaka 58, amevimba vidole vya mikono yote miwili. Asubuhi hawezi hata kufunga kitenge mpaka jua lipande. Bibi naye alikuwa hivyo hivyo. Huku kila mtu analaumu baridi ya Juni na kuwahi bustanini alfajiri. Jina lenyewe, baridi yabisi, limeshatoa hukumu!

Sasa nimesoma kazi ya Profesa Lars Klareskog na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi. Mwaka 2006 walionyesha kuwa mtu mwenye aina fulani za jeni ya HLA-DRB1 akivuta sigara, hatari ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo inapanda sana, kuliko jeni peke yake au sigara peke yake. Nilisoma nikiwa na fegi mkononi, msinicheke.

Mama aanzie kliniki ipi, Iringa au Mbeya, na aulizie vipimo gani vya damu? Na mimi mwenye miaka 31, sina dalili: nipime, au kuacha sigara kunatosha? Mlioacha, mliwezaje?