Ugumu wa wachezaji wa NBA: miaka ya 80 na 90 dhidi ya sasa, tupime kwa kipi?

Mzee_wa_Ribaundi
Wakuu, mjadala huu kila ukianza unaishia kwenye tukio lilelile: Kevin McHale wa Boston akimnasa Kurt Rambis wa Lakers shingoni kwa mkono, mechi ya nne ya fainali ya 1984, halafu mtu anahitimisha kwamba wa leo ni laini. Naomba kwanza tuutenganishe ugumu. Kuna wa kupigwa ukainuka, kuna wa kucheza umeumia, na kuna wa kuonekana uwanjani mechi zote 82 za msimu. Mchezaji anaweza kuwa na mmoja akakosa mingine yote.

Kwenye kupigwa nawapa wa zamani, na sababu iko kwenye sheria. McHale hakutolewa nje siku ile. Faulo ya flagranti, yaani ya kumgusa mtu kwa nguvu isiyo ya lazima, ilikuja na msimu wa 1990-91: mitupo huru miwili na mpira unabaki kwa aliyefanyiwa, na ikiwa daraja la pili aliyeicheza anaondoka. Kwenye mtoano zinahesabiwa pia, pointi 1 kwa daraja la kwanza na 2 kwa la pili. Ukivuka 3 unakosa mechi. Draymond Green wa Warriors alifikisha pointi ya nne mwaka 2016, akakosa mechi ya tano ya fainali Warriors wakiongoza 3-1, na ubingwa ukaenda Cleveland. Detroit ya ubabe ya miaka ya 80, ya Bill Laimbeer na Rick Mahorn, isingeweza kucheza vile wiki mbili bila kuishiwa wachezaji.

KonaTatu
Mkuu, hapo nakubali, ila umehesabu viwiko tu. Hesabu na miguu. Mstari wa pointi tatu uko mita 7.24, na msimu wa kwanza wa mstari huo, 1979-80, timu ilirusha chini ya mara 3 kwa mechi. Sasa inapita 30. Mlinzi mrefu wa mwaka 1988 alibaki karibu na kikapu kwa sababu mtu wake mwenyewe alikuwa hapohapo. Wa leo anatoka chini ya kikapu hadi mstarini na kurudi, na tangu 2001-02 haruhusiwi kusimama ndani ya eneo la mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hana mtu wa kumkaba karibu.

Angalieni mkimbio mmoja tu wa kwenda kumzuia mrushaji. Hatua mbili ndefu za kasi, kisha hatua fupifupi za kufunga breki, nyonga chini, mkono juu. Mrushaji anadanganya kurusha, anaweka mpira chini, anapita upande wa mguu uliotangulia. Mlinzi sasa anageuka huku kisigino kimeshaganda sakafuni, na uzito wote unashukia kwenye misuli ya ndama na kano ya kisigino. Hakuna aliyemgusa. Mtoano wa 2025 ulimalizika Damian Lillard, Jayson Tatum na Tyrese Haliburton wote watatu wamekatika kano hiyo.

Faulo_ya_Sita
Nisahihishe jambo moja linalorudiwa sana: si kweli kwamba kumshika mwenye mpira kwa mkono kuliruhusiwa hadi 2004. Sheria ya kukataza ipo tangu 1978-79, ikaongezwa makali 1994-95, na 2004-05 ndipo waamuzi wakaamriwa waipulizie kweli. Kwa hiyo tunaposema "enzi ngumu" tunazungumzia zaidi uvumilivu wa filimbi.

Na mkono ule haukuwa wa kuumiza. Ulikaa kwenye nyonga, na kazi yake ilikuwa kuiba nusu hatua ya kwanza na kumsukuma mshambuliaji kule walipo walinzi wa kusaidia. Aliyekuwa na kiwiliwili dhaifu alifika kikapuni kachelewa kila mara. Fainali ya 1994 kati ya Houston na New York ya Charles Oakley na Anthony Mason ilikwenda mechi saba na hakuna timu iliyofikisha pointi 100 hata mara moja.

Kulinganisha kwa haki, weka walinzi wawili pamoja: Gary Payton alichukua tuzo ya mlinzi bora 1996, na mchezaji wa nyuma (guard) aliyefuata kuipata ni Marcus Smart, 2022. Payton alikaba kwa mkono na kifua, Smart kwa kifua na miguu peke yake. Kwangu kazi ya Smart ni ngumu zaidi, ingawa ya Payton inauma zaidi.

Kifundo
Kwenye kucheza umeumia watu wanachanganya majeraha. Isiah Thomas, mechi ya sita ya fainali 1988, aliteguka kifundo cha mguu na bado akafunga 25 ndani ya robo ya tatu pekee. Detroit wakapoteza 103-102. Ule ni ugumu usio na ubishi. Lakini kifundo kilichoteguka kinaweza kufungwa bandeji kikabeba mtu jioni moja. Ndama iliyochanika haifungiki hivyo: isipopona, mzigo wake unahamia kwenye kano. Kevin Durant alirudi na ndama mbovu kwenye fainali ya 2019, Haliburton akafanya vilevile 2025, na wote kano zikakatika. Anayewaita wa leo waoga kwa kupumzisha ndama hajui anachoomba.

Na wa leo nao wamo. Kobe Bryant alipiga mitupo huru miwili Aprili 2013 kano ikiwa imeshakatika. Klay Thompson mwaka 2019 alikuwa ameshafika njia ya vyumbani na goti limechanika, akageuka kuja kupiga miwili yake, kwa sababu asiyepiga mwenyewe haruhusiwi kurudi mchezoni. Ziwekeni karibu na Willis Reed wa New York, aliyeingia mechi ya saba ya fainali ya 1970 akiwa ameumia: alifunga vikapu viwili tu usiku ule, kazi ikafanywa na Walt Frazier kwa pointi 36 na asisti 19.

Benchi_la_Akiba
Mechi 82: A.C. Green alicheza 1,192 mfululizo. John Stockton alikosa 22 katika misimu 19. Wa sasa, Mikal Bridges aliingia ligi 2018 na hadi mwisho wa 2024-25 hakukosa hata moja. Ila ligi isingeweka sharti la mechi 65 kwa wanaotaka tuzo, kuanzia 2023-24, kama Bridges angekuwa wa kawaida. Hapa wa zamani wanashinda.

Mzee_wa_Ribaundi
KonaTatu, hoja ya breki naikubali, sikuwa nimeipa uzito. Basi kipimo changu kiwe hiki: nani angehama enzi bila kupoteza kitu? Laimbeer hapana, angemaliza faulo zake sita na kutolewa kabla ya mapumziko. Dennis Rodman ndiyo: mlinzi bora 1990 na 1991, miguu ya kumfuata mchezaji wa nyuma, mwili wa kusukumana chini ya kikapu.

KonaTatu
Rodman sawa. Kutoka enzi ya sasa namtoa Jrue Holiday kwenda 1990. Ana kifua cha kupokea mkono wa nyongani, na anaiba mpira bila kushika.