Bango la supu na fonti ya Cooper Black: niibakize au niitoe?

Supu_Alfajiri:
Wakuu, habari za jioni. Nafungua kibanda cha supu na chapati hapa Morogoro. Kijana wa steshenari kanichorea bango la mita 2 kwa 1, na kila kitu kakiandika kwa Cooper Black: jina, vyakula, bei, mpaka namba ya simu. Kwenye kompyuta nilicheka kwa furaha, herufi nono kama maandazi yaliyoumuka. Jana nikaprinti kwenye A4, nikabandika ukutani, nikarudi nyuma hatua kumi. Jina nasoma. "Chapati na maharage" naona madoa meusi tu. Mke wangu anasema tuweke Arial, ile fonti ya kawaida isiyo na mapambo, bango zima. Roho inaniuma. Nifanyeje?

Fundi Rangi:
Mkuu, fonti usiionee. Oswald Cooper aliichora Chicago, ikatoka 1922, na kazi yake ni matangazo: maneno machache, makubwa. Si umeona ndege za easyJet? Jina tu, jeupe juu ya rangi ya machungwa. Ungeandikiwa masharti ya mizigo kwa herufi zile ungeghairi safari.

Kinachokusumbua ni tumbo la "a" na "e". Tundu lake ni dogo, ukipunguza herufi linazibika. Na Kiswahili chetu kinavyopenda "a"! Hesabu hapo kwenye "chapati na maharage", zipo sita.

kobe_mwendo:
Ila kipimo chako kimemwonea kijana. A4 ina upana wa sm 29.7, bango lako ni karibu mara saba yake. Hatua kumi za karatasi ni kama hatua 67 barabarani. Anayekuja kunywa supu hasimami huko. Rudia kwa hatua tatu.

Dada Steshenari:
Jina libaki Cooper Black, na usiliandike kwa herufi kubwa tupu. Utamu wa fonti hii uko kwenye herufi ndogo, ile "o" iliyolalia nyuma kama mtu aliyeshiba. Vyakula, bei na simu weka hiyo Arial ya shemeji. Kwa namba ndiyo usibishane kabisa, 3, 6, 8 na 9 kwa mbali zote mviringo. Halafu mwambie kijana abadili herufi ziwe michoro kabla ya kupeleka faili kwenye mashine kubwa, la sivyo kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka ya kwake. Nimeshaona bango la harusi likitoka hivyo.

Supu_Alfajiri:
Nimerudia kwa hatua tatu, maharage bado madoa. Kwa hiyo jina nono, mengine Arial. Mke kashinda mistari tisa, mimi mmoja, ila wangu ndio mkubwa.

Limebaki moja. Jina ni "Supu ya Ng'ombe", na kile kialama cha ng' kimenenepa mpaka kinafanana na kiluwiluwi. Nikiache?

Fundi Rangi:
Kiache. Ukikitoa itakuwa "ngombe", na hapo watakusahihisha wateja wote kabla hawajaagiza.