Mume wangu hapati usingizi bila pombe, nimsaidieje?

Ua la Jioni: Wakuu, naomba ushauri, matusi hapana. Mume wangu anasema hanywi kwa starehe, anatafuta usingizi. Kweli akilewa analala fofofo, lakini ikifika saa nane usiku yuko macho, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue. Nataka nimwage chupa zote wikiendi hii. Akiacha, usingizi utarudi?

Nesi Mstaafu: Dada, usimwage kwanza! Kinachonitisha ni huko kuzimua. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla, kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona maruweruwe. Hali hiyo inaua. Aende hospitali, aseme anakunywa kiasi gani bila kupunguza. Zipo dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1.

Kichwa Ngumu: Acheni kutisha watu. Mjomba wangu aliacha ghafla ndani ya siku moja tu, mzima mpaka leo.

Nesi Mstaafu: Wapo wengi, mkuu. Alikuwa anazimua asubuhi?

Kichwa Ngumu: Hapo sijui.

Nimetoka Huko: Shemeji, hiyo saa nane naijua. Pombe hupoza ubongo, nao ubongo hujizidishia uchangamfu ili ushindane nayo. Pombe ikipungua usiku, uchangamfu unabaki bila mpinzani. Usingizi utarudi, ila si wiki hiyo hiyo; mimi ulinichukua miezi, na mwanzoni ndoto zilikuwa fujo tupu kwa sababu pombe ilikuwa inazibana. Mwambie mapema, maana wengi hurudia chupa hapo wakidhani wameumbwa hivyo. Kilichonisaidia ni kuamka saa ile ile kila siku, hata kama nimekesha.

Ua la Jioni: Asanteni sana. Mbona pia anakoroma, na kuna wakati pumzi inakata kabisa? Rafiki yake amempa vidonge vya usingizi.

Nesi Mstaafu: Vidonge hivyo na pombe asichanganye kamwe, vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua. Pombe pia hulegeza misuli ya koo, kukoroma kunazidi. Mtajie daktari hilo la pumzi, mumeo mwenyewe hawezi kulijua akiwa usingizini. Na usiku huu mlaze ubavu.