Mipaka ya maeneobunge Kenya: mchezo unachezewa wapi hasa?

Kayole254:
Habari wadau. Kila siku naskia wanasiasa wakibishana juu ya mipaka, mara IEBC (tume ya uchaguzi) imechelewa, mara eneobunge fulani litafutwa. Marekani ramani zao nimeziona, zimepindapinda kama mjusi, hapo mchezo wa kuchora mipaka ili chama fulani kishinde unaonekana wazi. Lakini huku kwetu sioni maumbo ya ajabu, sasa wanachezea wapi?

Hesabu_Tupu:
Huku usiangalie umbo bosi, angalia watu wangapi wako ndani. Sensa ya 2009 Embakasi ya Nairobi ilikuwa na watu 925,775, Lamu Mashariki 18,841, na kila moja mbunge mmoja! Yaani mtu mmoja wa Lamu Mashariki alikuwa na uzito wa watu 49 wa Embakasi. Ukiwa serikalini ngome zako unazijua, unazigawa upate viti vingi, wale wa mjini wanaokupinga unawaacha wajazane kwenye kiti kimoja, mstari wenyewe hata hauhitaji kupinda. Enzi za Rais Moi viti vya bunge vilitoka 158 vikawa 188 kwa uchaguzi wa 1988, na ramani hiyohiyo ndo ikatumika vyama vingi viliporudi 1992, Moi akapata kama asilimia 36 ya kura za urais lkn chama chake KANU kikabeba viti 100 kati ya hivyo 188.

Mzee_wa_Bonde:
1992 usiitie yote kwenye mipaka. Upinzani ulijimaliza wenyewe, chama chao FORD kikapasuka vipande viwili, na huku Bonde la Ufa kuna wabunge wa KANU walipita bila kupingwa.

MtuWaFaza:
Mkimaliza kututaja Lamu mtuulize na sisi. Eneobunge letu ni Pate na visiwa vyengine mpaka Kiunga kule mpakani na Somalia, mbunge akitaka kuzunguka anahitaji boti na mafuta yake si mchezo. Mkituunganisha na Lamu Magharibi basi mbunge atatoka Mpeketoni huko kwao kila uchaguzi. Katiba yenyewe kifungu cha 89 inasema jografia na njia za mawasiliano ziangaliwe, si vichwa tu.

Hesabu_Tupu:
@MtuWaFaza ni kweli, lkn kifungu hichohicho kina kikomo, asilimia 40 juu au chini ya wastani kwa miji na sehemu zenye watu wachache, 30 kwingine. Kwa sensa ya 2019 wastani ni kama watu 164,000, kwa hiyo ninyi angalau 98,000 na hata robo hamfiki. 2012 mliponea kwa sababu katiba ilikataza mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneobunge lolote lililokuwepo. Mapitio yafuatayo kinga hiyo haipo, na ndo maana wabunge wengi hawana haraka nayo. Muda wa mapitio hayo ulikwisha Machi 2024, wakati huo tume haikuwa na hata kamishna mmoja. Tena kiti kikienda na pesa za CDF (mfuko wa maendeleo wa kila eneobunge) zinaenda, nani atakubali?

Kayole254:
Kumbe. Lakini sisi Embakasi si tulishakatwa vipande vitano, mchezo umeisha?

Mzee_wa_Bonde:
Thubutu! Idadi ikisawazishwa wanahamia kwenye wadi, vile vipande vidogo ndani ya eneobunge. Mbunge ana wadi moja inamnyima kura kila uchaguzi, anaomba isukumwe kwa jirani yake, kwenye karatasi sababu ni "barabara". Rasimu ikitoka viti vimehesabiwa tayari, wewe soma wadi ipi imetolewa wapi ikapelekwa wapi, halafu tafuta fomu za matokeo za uchaguzi uliopita uone wadi hiyo ilimpigia nani.