Naombeni ushauri: IST ya 1NZ niweke oil ipi, 5W-30 au 20W-50?

Wakuu habari zenu. Nina Toyota IST ya cc 1500 hivi, injini 1NZ-FE, dashibodi inasoma kilomita laki na themanini hivi (kama zilirudishwa nyuma huko ilikotoka sijui, hayo tuyaache). Sasa fundi wangu anang'ang'ania 20W-50 (ile nzito), anasema Dar joto, gari limechoka, oil nyepesi litaila tu, ila kitabu cha gari kinasema 5W-30 (nyepesi) na hizi VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka) zinatumia presha ya oil hiyo hiyo kusogeza kamshafti, so naogopa nzito itachelewa kupanda juu asubuhi nikiwasha. Moshi haitoi, kwenye stiki inapungua kidogo sana. Je nikienda katikati, 10W-30 au 10W-40, kuna ubaya?

Halafu injini inameza kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo nanunua dumu la lita 4, na hapo ndo kwenye shughuli maana feki mtaani zimejaa, madumu ya zamani yanajazwa upya na sili inarudishwa vizuri kabisa. Nyie orijino mnaitambuaje? Na wa sinthetiki mnamwaga kila kilomita ngapi kwa foleni hizi za Morogoro Road? Wenye 1NZ hasa, hata za Premio.